Benchi la Mwisho Kabla ya Bahari

Oktoba 6, Jumatatu

Pauline angekuwa hai ningemsimulia yeye mezani, naye angeendelea kufuma sweta lake bila kunisikiliza, na mambo yangeishia hapo. Dada yangu hayupo tangu Aprili na nyumba imekuwa kimya mno. Basi naandika.

Leo zimepita treni nyingi za kawaida na moja ya mizigo. Ivor, mwenzangu wa benchini, alishuka kwenye treni yake ya asubuhi kutoka upande wa magharibi, akashika kile chuma cha mlangoni kwa mikono miwili kama mtu anayeshuka kwenye meli, akaja mpaka benchini. Benchi letu liko mwisho kabisa wa jukwaa la pili la stesheni ya Holmouth, pale paa linapoishia. Nyuma yetu kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna bahari. Tunaipa mgongo. Hatuji kwa ajili yake; tunakuja kusoma namba za injini na kuzipigia mstari kitabuni.

Nilimmiminia chai, naye akanipa nusu ya mkate wake wa jibini na kitunguu cha siki. Zamani alikuwa anakula wote peke yake. Siku hizi amezidisha mkate, sijui kwa nini.

Oktoba 9, Alhamisi

Mvua. Hakuna kipya kilichopita.

Oktoba 21, Jumanne

Tumebishana. Siku hizi kuna kamera bandarini inayoonyesha reli yetu usiku na mchana, na watu wanakaa majumbani kwao huko London wamevaa soksi, wanaona injini kwenye kompyuta, wanaipigia mstari kwenye kitabu chao. Nilimwambia Ivor kwamba huo ni wizi. Sheria yetu ni moja tu: namba huipigii mstari mpaka uione kwa macho yako, ukiwa umesimama karibu nayo, hata kama mvua inakunyeshea.

"Na aliyeisikia tu?" Ivor akauliza.

"Kuisikia vipi?"

"Mtu yuko pale pale. Anaisikia inavyonguruma. Anaijua ni aina gani. Ila hakuiona."

"Popo ndio wanaohesabu kwa kusikia, bwana. Sisi tuna macho."

Alicheka kidogo. Treni ya saa nane ilipopita akaniuliza ilikuwa namba gani, kama kawaida yake. Ana darubini nzuri ya Kijerumani shingoni na hajaigusa siku nyingi. Mvivu wa macho huyu, kanigeuza mimi karani wake.

Novemba 4, Jumanne

Bahari imeanza utundu wake. Maji yalipojaa, wimbi lilipanda ukutani likaturushia changarawe mgongoni. Ivor alishtuka akamwaga chai yote kwenye suruali yangu.

"Samahani, bwana. Nilidhani kikombe kiko mezani."

"Meza gani, Ivor? Tangu lini tuna meza?"

Glenda alikuwa ameona yote kutoka kwenye kibanda chake cha chai. Akaja mbio na taulo, akamfuta Ivor kwanza, mimi niliyelowa akaniacha. "Njoo nikusindikize chooni, mpenzi wangu," akamwambia. Anamwita kila mtu mpenzi, kama wanawake wote wa pande hizi, lakini yeye anazidisha. Ana maneno mengi, na anataka kujua kila mtu ana watoto wangapi na wanaishi wapi. Mimi hapati kitu kwangu. Watu wa benchini hatuulizani mambo ya nyumbani. Unaweza kujua injini zote ambazo mwenzako hajaziona na usijue kama ana mke, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ivor kwa mfano amebakiza moja tu. Katika injini zote za zamani za aina anayoifuata, anayoikosa ni ile iliyopewa jina Rosamund. Aliikaribia mara moja, stesheni ya Crewe, na ilipopita alikuwa chooni. Habari hii inajulikana mpaka Uskochi.

Novemba 18, Jumanne

Mafua. Sikwenda. Nadhani hakuna aliyeuliza.

Desemba 8, Jumatatu

Gazeti linasema tena kwamba ukuta umechoka na kwamba siku moja reli itabidi ihamishiwe ndani, nyuma ya vilima. Nilimsomea Ivor. Akasema, "Wakiihamisha, sisi watatuhamishia wapi?" Nikamwambia watatuweka makumbusho, kwenye kabati la kioo, na mkate wetu. Alicheka mpaka akakohoa.

Desemba 25, Alhamisi

Krismasi. Ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo hakuna treni hata moja nchini. Nilipasha moto pasti, andazi la nyama la huku kwetu, nikala nusu. Mchana nilishuka mpaka stesheni, nikasimama nje ya geti lililofungwa na kutazama benchi. Sikuwa na sababu ya kwenda. Nimejiambia nilikuwa nanyoosha miguu.

Pauline alikuwa anaimba vibaya sana siku ya Krismasi.

Januari 14, Jumatano

Dhoruba hii wameipa jina Gerald. Nilifanya kazi na Gerald mmoja katika duka la mazulia, alikuwa akishindwa kufungua hata chupa ya jemu. Huyu wa leo si yule.

Upepo ulianza jana mchana. Treni za jioni zikafutwa, na mimi nikamharakisha Ivor apate ile ya mwisho kurudi kwake. Alikuwa mzito kuondoka. Alisimama mlangoni mwa behewa akasema, "Kesho, basi." Nikasema, "Kesho." Mlango ukajifunga.

Leo asubuhi maji yalipojaa nilikuwa dirishani kwangu huku mlimani na chai mkononi. Niliona wimbi moja likipanda juu ya ukuta, refu kuliko paa la stesheni, likasimama pale kama linafikiri. Lilipoanguka sikusikia mlio, ila dirisha langu lilitetemeka. La pili likabeba kibanda cha Glenda. Ubao wa bei za keki ulikwenda ukielea kwenye barabara ya chini. Halafu, upande wa magharibi, baada ya daraja dogo, ukuta ukafunguka. Udongo mwekundu ukatoka chini ya reli kama unga unaotoka kwenye mfuko uliotoboka, kokoto zikafuata, na mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yakabaki yakining'inia kwenye reli mbili, hewani, juu ya maji. Yanayumba mpaka sasa. Ukitazama kutoka huku unadhani ni kamba ya kuanikia nguo.

Nilikaa sakafuni. Sijui kwa nini sakafuni na viti vipo. Nimeitazama reli ile tangu nikiwa mtoto wa kaptula, na sikuwahi kufikiri kwamba chini yake kuna udongo tu.

Mchana nilishuka. Polisi wameweka utepe. Nikauliza itachukua muda gani, kijana mmoja mwenye koti la rangi ya machungwa akasema ni wiki nyingi, labda zaidi.

"Na watu wa upande wa pili?"

"Kuna mabasi, baba. Yanazunguka kwa ndani."

Mabasi. Sijapanda basi kwa hiari yangu tangu nistaafu.

Januari 16, Ijumaa

Ivor hajaja. Bila shaka hawezi kuja, treni yake inaishia kwenye shimo. Lakini nilichukua vikombe viwili.

Nilitaka kumpigia simu nimuulize kama nyumba yake imepona. Nilishika simu kabisa. Ndipo nikagundua kwamba sina namba yake. Sijui anaishi mji gani huko magharibi. Sijui jina la ukoo wake. Miaka yote hii, na ninachokijua ni Ivor, na Rosamund, na kitunguu cha siki.

Januari 20, Jumanne

Benchi. Hakuna treni. Upepo.

Januari 23, Ijumaa

Benchi. Shakwe alikuja akanitazama akaona sina mkate.

Januari 28, Jumatano

Leo imetokea. 

Wanaleta mawe ya kuziba shimo kwa reli kutoka Exeter, na mawe yanavutwa na injini yoyote iliyopatikana, mpaka zile za zamani. Saa tano nilisikia mngurumo ambao haujapita hapa siku nyingi. Ikatokea kwenye lile handaki tunaloliita tundu la mwamba, taratibu, na mabehewa ya mawe nyuma yake. Nilisoma namba. Nikaisoma tena. Halafu lile bamba la jina ubavuni, herufi za chuma zilizoinuka: ROSAMUND.

"Ivor!" nikapiga kelele. "Ivor, ni yeye!"

Benchi tupu. Wafanyakazi wakageuka kunitazama. Mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Imesimama jukwaa la pili, hatua chache kutoka mahali pa Ivor pa kukaa. Msimamizi wao ameniambia inaondoka Jumamosi asubuhi kwenda kusini mashariki, na baada ya hapo itauzwa, labda kwa watu wa vyuma chakavu. Kwa hiyo nina kesho na keshokutwa. Ivor yuko mahali fulani upande wa pili wa lile shimo, na mimi sijui hata nianzie mlango gani.

Januari 29, Alhamisi

Anayejua ni Glenda. Nililijua hilo tangu siku ile ya simu. Nilichokuwa nakikwepa ni kusimama mbele yake na kuuliza jina la rafiki yangu.

Nilimpata kwenye ukumbi wa kanisa, anapika chai ya wafanyakazi wa reli, aproni yake ya bluu imeloa. Nikazungukazunguka. Nikasifia keki.

"Sema, mpenzi wangu. Hukuja hapa kwa keki."

"Ivor," nikasema. "Unajua anakaa wapi?"

Aliweka birika chini. Nilisubiri anicheke, na haki angekuwa nayo. Hakucheka.

"Luscombe. Ivor Luscombe. Anakaa Penquay, Mtaa wa Kanisa, nyumba yenye mlango wa kijani. Mkewe alifariki zamani. Ana binti mmoja, Nicola, yuko Coventry." Alisema yote bila kupumua. "Alinieleza wiki ya kwanza alipoanza kununua chai kwangu. Nilimuuliza tu, Clive. Watu ukiwauliza wanajibu."

Alinifungia keki kwenye karatasi.

"Na ukifika pale," akasema, "taja jina lako kwanza. Usisimame tu."

"Kwa nini?"

"We taja tu, mpenzi."

Nimemdhania vibaya mama huyu. Anajua watu jinsi mimi ninavyojua injini.

Januari 30, Ijumaa

Nilipanda basi. Lilizunguka vichochoro vyote vya Devon, likasimama kumpisha kondoo, na mtoto mmoja alitapika karibu na kiatu changu. Saa nne nikawa mbele ya mlango wa kijani, na kwa haraka zangu nikasahau maneno ya Glenda. Nikagonga, nikasimama tu.

Ivor alifungua. Akatazama bega langu.

"Tuna madirisha tayari," akasema. "Hatuhitaji mengine."

Nilidhani ananitania kwa kunifanya muuza madirisha wa mlangoni. Nikasubiri acheke. Macho yake yalibaki pale pale begani, yametulia, hayatafuti kitu, na ndipo nikaelewa chuma cha mlangoni, na chai kwenye suruali yangu, na darubini, na kila siku aliyoniuliza ni namba gani.

"Ivor, ni mimi. Clive."

Uso wake wote ulibadilika. "Clive? Clive wa benchini? Treni zimerudi?"

"Nimekuja kwa basi."

"Basi! Wewe!" Akaninyooshea mkono, ukapita pembeni kidogo, nikaufuata nikaushika. "Nicola! Njoo umwone mtu aliyepanda basi!"

Binti yake akatoka na makaratasi ya kufungia vyombo. Nyuma yake kuna maboksi mpaka darini. "Huyu ndiye Clive?" akasema. "Nilidhani ni mtu mrefu."

Tuliketi jikoni. Nikamuuliza Ivor ni tangu lini.

"Mwanga bado nauona kidogo. Namba siwezi kuzisoma tangu mwaka juzi."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nakuja stesheni kukusikiliza wewe? Ungenihurumia, halafu ungeanza kunisomea polepole kama mwalimu wa chekechea. Nilikuwa naipenda ile hasira yako."

Halafu nikasema kitu ambacho sikupanga kukisema. "Dada yangu alifariki mwezi wa nne. Nilipokosa kuja siku zile nilikuambia nilikuwa na mafua."

"Najua. Glenda alisikia mjini, akaniambia." Aligeuza kikombe chake mezani. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Nikaona kwa sasa nikuletee mkate."

Nililia, basi. Mezani kwa watu, mbele ya binti wa watu, na keki ya Glenda mkononi.

Nilipomwambia habari ya Rosamund alisimama akaangusha kiti. Nicola alitupeleka kwa gari lake. Njiani alinieleza kwa sauti ya chini kwamba anamhamishia baba yake Coventry Jumatatu. Treni hakuna, basi hawezi, na tangu dhoruba amekaa tu jikoni na koti lake amelivaa, kama mtu anayesubiri kuondoka. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilitamani ningekuwa nayo.

Msimamizi wa mawe alituruhusu. Nilimshika Ivor kiwiko mpaka ukingoni mwa jukwaa, akanyoosha mikono, na injini ilikuwa pale, bado ina joto. Alipapasa kutoka kwenye boriti ya mbele mpaka kwenye bamba. Vidole vyake vikapita kwenye herufi moja moja.

"R," akasema. "O. S." Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Halafu akaanza kucheka. "Crewe nilikuwa chooni. Leo nimekuwa kipofu. Huyu mwanamke hanitaki kabisa!"

"Imehesabika, Ivor. Kaipigie mstari."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe uliyesema habari za popo?"

"Nilikosea."

"Hukukosea. Sikuiona. Nimeishika tu." Akapigapiga ubavu wa injini kama shingo ya farasi. "Sheria ni sheria, bwana. Ibaki. Mtu akimaliza zote atafuata nini stesheni?" Halafu akauliza, "Ni rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu ya namna gani?"

Maisha yangu yote nimesoma namba. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama injini kwa mara ya kwanza.

"Kama aproni ya Glenda," nikasema. "Ikiwa imeloa. Chini imeliwa na kutu, na kutu yenyewe ni rangi ya huu udongo wetu. Mtu kaandika 'nioshe' kwa kidole kwenye vumbi."

"Haya," Ivor akasema. "Endelea."

Niliendelea mpaka Nicola akasema baridi imezidi.

Februari 2, Jumatatu

Ivor ameondoka leo. Coventry hakuna bahari upande wowote.

Februari 17, Jumanne

Benchi. Wanamwaga zege.

Machi 11, Jumatano

Glenda amepata kibanda kipya, cha bati. Nilimuuliza habari za watoto wake. Ana watatu. Niliondoka pale chai yangu ikiwa imeshapoa.

Machi 28, Jumamosi

Reli imefunguliwa leo. Kulikuwa na bendi ya shule na meya na watu wengi ambao hawajui treni. Nilikwenda benchi la mwisho, nikatoa simu ambayo Glenda amenifundisha kuitumia, nikapiga Coventry.

"Luscombe."

"Inakuja," nikasema. "Ipo kwenye tundu la mwamba."

"Nisomee."

Nikamsomea namba, kwa ile sauti ya zamani, ya hasira. Dereva alinipungia mkono na kupiga honi, nikainua simu juu Ivor aisikie. Mama mmoja akamvuta mtoto wake akae mbali nami.

"Haihesabiki hiyo," Ivor akasema.

"Najua haihesabiki."

Nilimsikia anapumua, na nyuma yake saa ya ukutani ya Nicola. Nyuma yangu maji yalikuwa yanajaa.

"Hiyo kelele ni bahari?" akauliza. "Ikoje leo?"

Nilitaka kumwambia ni bahari tu. Halafu nikasimama, nikageuka, nikaegemea ukuta mpya na kuitazama. Nilianza na pale karibu ambapo maji bado ni mekundu kwa udongo, nikaenda nje yanapokuwa ya kijani, na mpaka kule kunakosimama mvua peke yake. Ilinichukua muda. Nikiwa bado naongea, treni ya pili ilipita nyuma yangu, na namba yake sikuisoma.